Upande wa Juu

Leokadia Sichalwe alikuwa amezoea kupokewa kwa matusi, kwa hiyo vigelegele vya Kalunde vilimchanganya. Gari halijasimama sawasawa, wanawake walikuwa wameshalizunguka, na mmoja wao akamfunga khanga mpya mabegani kama bibi harusi aliyechelewa kuolewa. Alishika ncha za ile khanga asijue afanye nini nazo. Kijiji alichotoka kabla ya hapa, bibi mmoja alimpa mkono kwa heshima zote, kisha akaenda kuunawa kwa majivu mbele ya macho yake.

Hakuwalaumu. Kazi yake ilikuwa kushusha ardhi za watu.

Kila mtoto wa siku hizi anajua kwamba bara linavutwa pande mbili, na kwamba chini ya Bonde la Ufa miamba imeng'ang'aniana ikisubiri siku ya kuachiana. Ikiachiana yenyewe huruka kwa mkupuo mmoja, na miji hulala chini. Leokadia alikuwa darasa la nne mji wa kwao ulipolala. Baada ya hapo ndipo Idara ya Nyufa ilipoundwa. Idara huchimba visima virefu mpaka kwenye ufa wenyewe, kisha huupampu humo ute mzito ambao kwenye taarifa una jina refu la kitaalamu, lakini mafundi wote wanauita mlenda. Mlenda ukishaingia, miamba husahau ukaidi wake. Badala ya kuruka mara moja inateleza polepole kwa msimu mzima, kimya kimya, hakuna kikombe kinachoanguka kabatini. Miji inapona. Ila ardhi iliyokuwa ishuke, inashuka tu. Hilo halina dawa.

Kwenye mlango wa gari pameandikwa kwa rangi ya bluu: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leokadia alikuwa ameichukia methali hiyo. Idara haijawahi kuziba ufa hata mmoja, na kuta zilizojengwa hazihesabiki. Lakini methali ni methali, inapendeza kwenye mlango wa gari.

"Karibu, mwanangu," alisema mwenyekiti wa kijiji, Mama Skolastika Nkana, mwanamke mnene wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. "Usisimame juani. Perege wameshaiva."

Walikula wali wa Rukwa, ule wenye harufu, na perege wa ziwani waliokaangwa mpaka mapezi yakawa yanakatika mdomoni. Fundi Nestori, mwendesha pampu, alikula bila kuinua kichwa. Leokadia alimtazama Mama Skolastika akicheka na wenzake, akihimiza watu waongeze mchuzi. Miaka yote hii hakuwahi kuona kijiji kinachokwenda kuzama kikimpakulia mtu wali.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "nimepita vijiji vingi. Wengine walisema ndiyo wakilia, wengine walisema ndiyo wakinitukana. Ninyi mlisema ndiyo kwa vigelegele. Niliisikiliza ile rekodi ya baraza lenu nikadhani masikio yananidanganya. Mna moyo ambao sijauona popote."

Mama Skolastika alipangusa mikono. Alionekana kuona haya kidogo kwa sifa hizo.

"Moyo upi, mwanangu? Jirani ni jirani. Likimfika, utafanyaje? Unampisha, unamkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Leokadia aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuona maneno hayo yanaingiaje hapo. Alidhani ni uchovu wake.

*

Kituo cha pampu kilikuwa kwenye kitako cha Lyamba, ule ukuta mrefu wa milima unaotenganisha nyanda za juu na bonde. Mama Skolastika alipanda gari nao kuwaonyesha njia. Mkono wa kushoto, mashamba ya mpunga yalitambaa tambarare hadi ziwani, tambarare kiasi kwamba mtu hawezi kusema kwa hakika tope linaishia wapi na ziwa linaanzia wapi. Leokadia alijizuia asiyatazame. Vipimo vyake vilisema bonde litashuka kimo cha mtu aliyekaa. Kwenye kilima, hicho ni kitu kidogo. Kwenye tambarare kama ile, ziwa lingefika mpaka sakristia ya kanisa.

Kando ya dimbwi waliona safu ya vibanda vipya vya nyasi, vifupi, vimebanana, na milango ambayo mtu angeiingia kwa magoti.

"Hivi ni vya nini, mama? Vya kuku?"

Mama Skolastika alicheka mpaka gari likatikisika. "Usiwatukane wakakusikia! Ni vya watani wetu wa huko juu, watu wa Lyapona." Akanyoosha kidole kwenye kilele cha Lyamba, ambapo mabati ya kijiji kingine yalimeta. "Siku ardhi yao ikishuka, watakuwa na pa kulala. Tumewajengea sisi wenyewe, bila kuombwa. Kweli si majumba, lakini watu wanaokimbia hawachagui mlango."

Nestori alipunguza mwendo. Leokadia alihisi khanga inamwelemea mabegani.

"Ardhi yao akina nani, mama?"

"Watu wa Lyapona. Si ndio upande wa juu?" Alilisimulia jambo hilo kama hadithi tamu ya kijijini. "Injinia wenu alituhutubia kwenye skrini kubwa, pale bandani kwenye mashine ya kukoboa. Akasema: mwamba wa juu utashuka, mwamba wa chini utabaki palepale, je, mmekubali? Tukaangaliana. Hao wa juu, mwanangu, tangu babu na bibi wametutania: watu wa matope, watu wa mbu, walaji kambale. Maji ya mto wanayatumia wao kwanza, sisi tunaletewa mabaki. Sasa Serikali inasema wa juu atashuka! Mpanda ngazi hushuka. Vigelegele unavyovisikia kwenye rekodi, mimi ndiye nilivianzisha."

Nestori alishika usukani kwa mikono miwili na kuitazama barabara kana kwamba ilikuwa na kona, na haikuwa nayo.

*

Mwamba wa juu. Leokadia alisimama kwenye vigingi vyeupe vilivyopigwa kufuata mstari wa ufa, akaurudia mwenyewe mara kadhaa msemo huo ambao alikuwa ameutumia tangu chuoni bila hata siku moja kuusikia.

Katika elimu ya nyufa, "juu" haina habari na kilima. Ufa haushuki wima kama kisima, huenda mshazari, na kwa sababu hiyo upande mmoja huwa umeulalia mwenzake. Aliyelalia ndiye wa juu. Aliyelaliwa ndiye wa chini, hata awe na kilele kinachogusa mawingu. Ufa wa Kalunde ulianzia hapo kwenye kitako cha Lyamba na kuingia ardhini kwa mshazari kuelekea ziwani, ukipita chini ya mpunga na shule na kanisa. Bonde lote lilikuwa limeulalia mlima. Kalunde ndiyo iliyokuwa upande wa juu.

Na watu wa Lyapona? Alikumbuka. Idara iliwauliza kwa adabu tu, na Lyapona nzima ilisema hapana, watu wazima wakalia mbele ya kamera. Ofisini walicheka kidogo. Wakaandika: hawahusiki. Sheria ya Nyufa inataka ndiyo ya wale watakaoshuka tu.

Alimpigia Injinia Malocha, mkuu wake, ambaye uso wake ulitokea kwenye simu akimenya chungwa. Leokadia alimweleza. Malocha alisikiliza hadi mwisho, akamenya hadi mwisho.

"Walisema ndiyo," alisema. "Sheria inataka ndiyo, nasi tunayo, tena ina vigelegele."

"Walisema ndiyo kwa ardhi ya wenzao, bosi."

"Hilo ni la kwao na Mungu wao." Hakulisema kwa ukatili. Alikuwa mtu aliyechoka kama yeye, mwenye mifuko chini ya macho. "Kipimo kinasemaje?"

Leokadia aligeuka. Juu ya kichwa cha kisima palikuwa na kipimo cha mkazo, na mshale wake ulikuwa umeshaingia kwenye rangi nyekundu, ukitetemeka.

"Kimeingia wekundu."

"Basi nisikilize, dada. Ukirudia baraza, wakasema hapana, utafanya nini? Ufa utaruka wenyewe. Sumbawanga iko hapo juu na watu wake wote, na hao hao wa Kalunde ndio watakaozikwa kwanza. Utakuwa umewaheshimu marehemu."

Jambo baya zaidi ni kwamba Malocha alisema kweli. Alikuwa ameshauona mji uliolala. Alikuwa amemsikia mtu akigonga bomba chini ya kifusi, akigonga, akigonga, mpaka akaacha.

"Nikupe njia," Malocha aliendelea, akitema mbegu. "Ufa huo si wa kushuka mtupu. Vipimo vyako mwenyewe vinaonyesha unasogea na pembeni."

"Kidogo mno. Ni mseto, lakini kushuka ndiko kunakotawala. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekwambia."

"Mseto ni neno pana. Wewe ndiye mpambanuzi, aina ya ufa unaitaja wewe, muhuri ni wako. Uite ufa wa kupishana. Ufa wa kupishana hauhitaji baraza, unahitaji tangazo tu. Hakuna anayepanda, hakuna anayeshuka, miamba inapishana kama watu njiani. Unafungua kesho asubuhi, unaondoka, unapumzika. Hutaki kupumzika?"

"Na maji yakiingia nyumbani mwao?"

Malocha alitazama ganda la chungwa mkononi mwake.

"Tutasema ni mvua."

Simu ilipokatika, Leokadia alikaa chini kwenye udongo, pembeni ya kigingi. Alitaka kupumzika, ndiyo. Alitaka kwa mifupa yake yote. Neno moja tu, kupishana, neno zuri lisilo na damu, na pampu zingeanza, na mji ungepona, na watu wa Kalunde wangemfungia perege wa njiani. Wangeishi. Si ndilo jambo lenyewe, waishi? Wangeona maji mwakani, wangemlaani Mungu au mvua, lakini wangekuwa hai wa kulaani.

Mama Skolastika alikuwa amebaki garini, akipiga soga na Nestori. Kicheko chake kilifika mpaka kule kwenye kisima.

Leokadia alifikiri: nikinyamaza, huyu mama atakuwa mtu wa kwanza nitakayemtoroka. Wale wengine wote walimtukana, lakini walimtukana wakijua. Alisimama, akajipangusa vumbi, akarudi kwenye gari.

"Mama," alisema, "naomba uitishe baraza. Leo leo, kabla jua halijashuka."

"Kuna jambo?"

"Kuna jambo. Na naomba mche wa sabuni."

*

Banda la mashine ya kukoboa lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia ya pumba. Mwenye mashine aliizima. Mwenye duka alileta mche wa sabuni ya kufulia, ule mrefu wa bluu, akisema kwa sauti kwamba Idara ikishindwa kuulipia, basi wamwogeshe nao. Watu walicheka. Leokadia aliuweka juu ya meza ya mizani, akaukata kwa kisu. Hakukata wima. Alikata mshazari, kama mtu anayekata muhogo wa kukaanga.

"Huu ndio ufa," alisema. "Tazameni. Sasa hivi vipande viwili vinafanana?"

"Havifanani," alisema mama mmoja wa mbele. "Kimoja kimemlalia mwenzake."

"Hapo hapo, mama. Ungekuwa mchimba dhahabu, ukachimba kufuata mpasuko huu, kimoja kingekuwa juu ya kichwa chako, na kingine ungekikanyaga. Wachimbaji ndio walioanza kuita hivyo. Huyu aliyelala juu wakamwita wa juu. Huyu aliyelaliwa wakamwita wa chini. Hawakuangalia nani ana mlima."

Alivisukuma vipande kutoka pande mbili. Kile kilicholala juu kilipanda mgongoni mwa mwenzake. "Nchi ikibanwa, wa juu anapanda. Huo tunauita ufa wa kupanda. Hapa kwetu ni nadra." Alivirudisha, akakisogeza kimoja kwenda mbele na kingine kurudi nyuma, ubavu kwa ubavu. "Huu ni ufa wa kupishana. Hakuna anayepanda wala kushuka. Asubuhi mnakuta mpaka wa shamba umehama, mnagombana, mnapatana." Wachache walitabasamu. Leokadia alijua wangetabasamu, na alitamani aishie hapo. "Lakini nchi yetu haibanwi, wala haipishani sana. Nchi yetu inavutwa."

Akaviachanisha taratibu. Kipande kilicholalia mwenzake kilikosa pa kushika, kikateleza, kikashuka. Kile kingine kikabaki kimesimama juu yake kama ukuta.

Alichukua punje ya mpunga sakafuni, akampa Mama Skolastika.

"Mama Mwenyekiti. Kilichosimama hiki ni Lyamba. Ufa unaanzia hapa kwenye kitako chake, unaingia chini kuelekea ziwani, unapita chini yetu sisi tuliokaa hapa. Tuwekee Kalunde mahali pake."

Mama Skolastika aliinama juu ya sabuni. Mkono wake ulienda moja kwa moja mahali palipostahili, maana si mjinga, akaiweka punje. Kisha akabaki ameinama, kidole bado kiko kwenye punje, juu ya kipande kilichoshuka.

"Huyu ndiye anayeitwa wa juu?" aliuliza taratibu.

"Ndiye."

Halafu mwanamume mmoja alisimama kwenye magunia, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mlituambia juu! Sisi tumeona juu ni wapi tangu tumezaliwa! Juu ni juu!"

"Juu ni juu, kaka," alisema Leokadia. "Neno lilikuwa la kwetu na tulilitupa kwenu bila kulifungua. Kosa ni letu."

"Si lenu peke yenu," alisema Mama Skolastika. Alikuwa amekaa sasa, mzito, na ile sauti ya kuitia watu ng'ambo ilikuwa imebaki ya kuongelea na mtu mmoja. "Tungekuwa tumeelewa, tungepiga vigelegele? Tulipigia vigelegele msiba, kumbe wetu."

Mama mmoja alianza kulia, si kwa kelele. Wakamuuliza Leokadia maswali, naye akajibu yote bila kupunguza wala kuongeza chumvi. Maji yatafika wapi? Mpaka kanisani. Makaburi? Yatafunikwa. Wakisema hapana? Atafunga visima na kuondoka, na ufa utajiachia wenyewe, siku asiyoijua, ila kipimo kinasema si mbali, na siku hiyo hawatakuwa na nafasi ya kukimbia, wala watu wa Sumbawanga. Watakapohama wataenda wapi? Sheria inasema ng'ambo ya ufa. Kwa maana nyingine, juu. Kwa watani.

"Na kama ungenyamaza?" aliuliza Mama Skolastika.

"Ningefungua kesho asubuhi. Msingejua mpaka maji yafike."

"Wakubwa zako walitaka unyamaze?"

Leokadia aliitikia kwa kichwa.

"Sasa mbona hukunyamaza?"

Alikuwa ameandaa jambo la kusema hapo, kuhusu haki na heshima ya mtu. Lilipomfikia mdomoni aliliona halina uzito.

"Nimechoka, mama," alisema. "Nimechoka vibaya sana. Sikuwa na nguvu ya kubeba na hili."

Mama Skolastika alitoa simu kwenye pindo la khanga, akaiweka juu ya meza kando ya sabuni, akabonyeza ipige kwa sauti.

*

"Mtani!" Sauti ya mwanamume ilijaza banda. Ilikuwa ya Deogratias Kapufi, mwenyekiti wa Lyapona, na kila mtu pale aliijua, maana hakuna msiba wa bondeni ambao hakuja kuutania. "Umepiga kuniuliza tutashuka na mbuzi au bila mbuzi? Tutashuka nao! Watakula mpunga wenu wote!"

"Mtani," alisema Mama Skolastika.

"Tumesema hapana mpaka tumelia, Idara imeziba masikio. Sawa. La kuvunda halina ubani. Lakini ninyi, ninyi! Mpwa wangu aliyeolewa huko ameniambia. Mmetujengea vibanda kwenye matope! Mlango mtu anaingia kwa magoti kama anaenda kuungama! Ndiyo ujirani huo? Nakuapia, ingekuwa ninyi ndio mnaoshuka, watu wa kambale ninyi, sisi tungewatandikia vitanda vyetu wenyewe, tukalala chini."

Watu waliinamisha vichwa. Nestori, aliyesimama mlangoni, aligeukia nje.

"Unasema kweli, mtani?"

"Kwa roho ya marehemu mama yangu, kweli. Sisi watu wa juu hatuna roho za matope."

"Basi tandikeni," alisema Mama Skolastika.

Deogratias alicheka. Alicheka peke yake, na alipoona hakuna anayemwitikia, kicheko kilimwishia njiani. Jogoo aliwika upande wake wa simu.

"Skolastika," alisema. Hakusema mtani. "Huo ni utani?"

"Leo si utani. Lile neno tulilielewa kinyume, sisi na ninyi. Wa juu ni sisi. Sisi ndio tunaoshuka." Alimeza mate. "Nisamehe vile vibanda."

Mwenye mashine aliinama kuitazama simu kama imekatika. Haikuwa imekatika. Walisikia mtu akivuta kiti, akikaa.

"Wote?" aliuliza Deogratias.

"Wote."

"Haya." Akakohoa. "Haya. Wale wazee wasioweza kupanda Lyamba kwa miguu, wangapi? Tuanze na hao. Vijana wetu watashuka na machela. Na mama yako, bado anaumwa miguu? Yeye atalala chumbani kwangu."

Hapo ndipo Mama Skolastika alipolia, uso wote, bila kuuficha, mbele ya kijiji chake.

Alipomaliza alisimama. Alimwambia Leokadia aulize swali lake upya, kwa maneno ya watu safari hii. Leokadia akauliza: ardhi yenu, hii mliyokaa juu yake, ishushwe, ziwa liingie, nanyi mwende kwa wenzenu? Mikono ilipanda, mmoja hapa, mwingine kule, kama mikono ya watu wanaoinua mizigo. Si yote. Yule mwanamume wa magunia alitoka nje bila kuinua wake. Lakini ilitosha, na hakuna aliyepiga kigelegele.

*

Asubuhi, walipopita kando ya dimbwi, vile vibanda vilikuwa vimebomolewa na nyasi zake kutawanywa. Hakuna aliyesema nani kafanya. Juu ya Lyamba, kwenye njia nyembamba ya mbuzi, watu walionekana wakishuka kwa foleni, wamebeba machela.

Malocha alikuwa amepiga mara nyingi, Leokadia hakupokea. Kwenye taarifa yake alikuwa ameandika: mseto, kushuka kunatawala. Baraza: ndiyo. Kuhusu vigelegele hakuandika kitu.

Alimwashiria Nestori. Pampu ziliguna, mabomba yakatetemeka, na mlenda ukaanza safari yake ndefu kwenda chini. Mshale wa kipimo ulikaa palepale kwa muda, mkaidi, kisha ukarudi nyuma kwa unene wa unywele.

Mama Skolastika alikuwa amekuja kwa miguu, peke yake. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa vigingi vyeupe, mguu mmoja huku, mmoja kule.

"Imeshaanza?"

"Imeanza, mama."

"Sisikii kitu."

"Hutasikia. Ni polepole sana."

Alitazama chini. Akavua kandambili, zote mbili, akasimama peku juu ya udongo.

"Mguu gani unashuka?"

"Wa kushoto."

Leokadia alidhani atauondoa. Hakuuondoa. Alihamishia uzito wake wote juu ya huo, akabaki amesimama hapo, huku pampu zikiguna na watu wa Lyapona wakizidi kukaribia.